Kuisoma damu ya mtoto mchanga kabla na baada ya upasuaji wa moyo: mwongozo kwa wauguzi, matabibu na mafundi wa maabara wa Unguja na Pemba

Mtoto mchanga wa visiwani aliyezaliwa na kasoro ya moyo kwa kawaida huvuka bahari ndipo apasuliwe. Kuna wanaopelekwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Kuna waliochaguliwa katika kliniki za Mnazi Mmoja wakapelekwa Holon, Israel, kupitia Save a Child's Heart. Popote atakapopasuliwa, atarudi na faili lililojaa namba: lakteti (alama ya viungo kukosa oksijeni), troponini (ya msuli wa moyo kuumia), kreatinini (ya kazi ya figo), NT-proBNP (ya moyo uliotanuka), CRP (ya uvimbe au maambukizi). Namba hizo ndizo zinazowasaidia madaktari kukisia mapema ni mtoto gani atakaa sana kwenye mashine ya kupumulia, nani figo zake zitagoma, nani atarudi na moyo uliochoka.

Mwongozo huu ni wa yule anayemtoa damu mtoto kabla ya safari, na wa yule anayelipokea faili baada yake. Jambo moja linatawala yote yatakayofuata: kipimo kisichoandikwa saa, uniti na kipimo cha nyuma cha kulinganishia hakitabiri kitu.

Pima kabla hajapanda boti

Watu hudhani kazi ya kutabiri huanza ICU, chumba cha wagonjwa mahututi. Huanza kwetu, siku chache kabla ya safari. Upasuaji huvuruga karibu kila kipimo cha damu, hata kwa mtoto ambaye atapona vizuri kabisa, kwa hiyo anayempokea kule lazima ajue alikuwaje alipokuwa hajaguswa. Chukua kreatinini, potasiamu na sodiamu, picha kamili ya damu, CRP, na NT-proBNP kama maabara yako inacho. Ukibanwa hadi kubaki na kimoja, kiwe kreatinini.

Sababu ni hii. Mtoto wa miezi minne huwa na kreatinini ndogo mno, mara nyingi kati ya mikromoli 18 na 35 kwa lita. Tuseme ya huyu wako ilikuwa 27. Saa 48 baada ya upasuaji inasomeka 55. Mashine iliyowekewa viwango vya watu wazima haitatoa alama yoyote, kwa sababu mtu mzima mwenye 55 hana neno. Lakini ya mtoto huyu imepanda zaidi ya maradufu, na kwa vigezo vya KDIGO, mwongozo wa kimataifa wa magonjwa ya figo, hiyo ni hatua ya pili kati ya tatu za figo kuumia ghafla. Bila ile 27 uliyoiandika Chake Chake au Mnazi Mmoja, hakuna atakayeiona.

Mtoto wa siku mbili tatu ana shida yake. Kreatinini iliyomo mwilini mwake bado ni ya mama, hushuka yenyewe kadiri siku zinavyokwenda. Ukipima mapema hivyo, andika umri kwa saa, kisha rudia karibu na safari. Akishindwa kushusha katika siku ambazo wenzake wanashusha, hilo nalo ni onyo hata kama haijapanda.

CRP ya kabla ya safari inaweza kuokoa nauli na zaidi ya nauli. Mtoto mwenye tundu kubwa kati ya vyumba vya chini vya moyo huugua kifua mara kwa mara. Akiingia kwenye mashine ya moyo na mapafu, inayofanya kazi badala ya viungo hivyo wakati wa upasuaji, akiwa na maambukizi, mapafu yake hulipa baadaye. CRP ikiwa juu, mpigie simu daktari wa moyo kabla tiketi haijakatwa.

Na usidanganywe na wingi wa damu wa mtoto mwenye midomo ya buluu. Hb (hemoglobini) ya gramu 12 kwa desilita ni nzuri kwa jirani yake, lakini kwake ni upungufu, kwa sababu mwili wake ulipaswa kutengeneza damu nyingi zaidi kufidia oksijeni isiyotosha. Tazama ukubwa wa chembe nyekundu. Zikiwa ndogo, huenda anakosa madini ya chuma.

Hesabu damu kabla ya kushika sindano

Mtoto mchanga ana damu ya mililita 80 hivi kwa kila kilo. Wa kilo 4 ana mililita 320, pungufu ya chupa moja ya soda ya kioo. Asilimia moja ya hiyo ni mililita 3.2, nasi tunaichukua kuwa ndiyo dari ya ziara moja kwa mtoto aliyetulia. Ukijipanga hutaifikia:

- chupa ndogo ya kifuniko cha zambarau, mililita 0.5, kwa picha kamili ya damu;
- chupa ya njano au nyekundu, mililita 1, ambayo seramu yake inatosha kreatinini, chumvi za damu, CRP na NT-proBNP;
- sirinji yenye heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda), mililita 0.3 hadi 0.5, endapo tu lakteti inahitajika kweli.

Jumla ni mililita 2. Kijiko cha chai ni mililita 5, basi mwambie mama waziwazi: "Mama, hatufiki hata nusu kijiko." Mama akiona chupa tatu zinapangwa mezani huhesabu chupa, hahesabu matone, na bibi aliyekuja naye huhesabu mara mbili.

Tahadhari kwa mtoto wa buluu mwenye damu nzito. Kama chembe zimechukua asilimia 60 ya damu yake, mililita 1 itakupa seramu ya theluthi moja ya mililita au chini ya hapo. Uliza maabara kwanza inahitaji kiasi gani, usije ukamchoma mara ya pili. Kwa mtoto huyohuyo, chupa ya kifuniko cha buluu ya kupimia kuganda kwa damu huwa na dawa nyingi kuliko plazma iliyopo, na matokeo hutoka kana kwamba damu haigandi. Chembe zikizidi asilimia 55, fundi wa maabara apunguze dawa iliyo ndani kabla hujachukua.

Kuchukua na kuitunza

Mshipa ni bora kuliko kisigino kwa vipimo hivi. Pasha mkono joto kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu dakika tatu hadi tano. Mpira wa kufungia mkono usizidi dakika moja. Ukipaka spiriti, iache ikauke. Ikiingia mbichi huvunja chembe. Vuta taratibu, kwa sababu kuvuta kwa nguvu kupitia kanula nyembamba ndiyo njia ya uhakika ya kupata seramu nyekundu. Toa sindano kwenye sirinji kabla ya kumimina, damu iteremke ukutani mwa chupa, na zile chupa zenye dawa uzipindue polepole mara nane hadi kumi. Usizitikise kama dawa ya kikohozi.

Ya njano au nyekundu hutangulia, ya zambarau hufuata, ya kijivu (ile ya lakteti) mwisho. Dawa ya chupa ya zambarau ni chumvi ya potasiamu, na tena hukamata kalsiamu. Tone lake likiingia chupa nyingine, utapata potasiamu ya 9 na kalsiamu iliyoporomoka kwa mtoto anayenyonya na kucheka. Ukiona hivyo rudia kipimo mara moja kabla hujamkimbiza mtu.

Ukilazimika kutumia kisigino, choma pembeni mwa kisigino, si katikati wala nyuma, kina kisizidi milimita 2. Futa tone la kwanza. Hapa mpangilio hugeuka: ya zambarau hutangulia, kwa sababu damu ya kisigino huanza kuganda ukiwa bado unakusanya. Ukikamua sana, potasiamu ya kisigino haina thamani.

Lakteti ina masharti kuliko zote. Mtoto asiwe amelia muda mrefu, mkono usifungwe mpira ikiwezekana, na damu iingie kwenye mashine ya gesi za damu ndani ya dakika 15. Chembe zilizomo ndani ya sirinji bado zinakula sukari na kutoa lakteti; katika joto la kaskazi hufanya hivyo kwa kasi. Kama mashine iko mbali, tumia chupa ya kijivu na uiweke kwenye barafu. Kama huna chupa ya kijivu wala mashine, bora usipime. Lakteti ya uongo ya 5 itamrudisha mtoto Dar es Salaam bure.

Kwa seramu, acha damu igande dakika 30, zungusha kwenye sentrifyuji, tenga ndani ya saa mbili. Anayetuma sampuli kutoka Mkoani, Pemba, kwenda Unguja atume seramu iliyokwisha kutengwa. Damu nzima ikisafiri na boti hutikiswa njia nzima na potasiamu huvuja kutoka kwenye chembe. Kosa la pili, na hili hufanywa kwa nia njema, ni kuiweka damu nzima kwenye friji ili "isiharibike": baridi huzimisha pampu za chembe na potasiamu hutoka vilevile. Seramu safi kwenye nyuzi 2 hadi 8 hukaa siku mbili bila tatizo kwa vipimo tulivyovitaja.

Uliza pia maabara inapima BNP au NT-proBNP. Ni ndugu wa tumbo moja lakini tabia mbalimbali. NT-proBNP huvumilia safari. BNP huhitaji chupa ya zambarau ya plastiki na huharibika ndani ya saa chache. Namba zao hazilinganishwi hata kidogo.

Kulisoma faili la ICU

Chora mstari wa saa kwenye karatasi kabla ya kusoma namba yoyote. Saa sifuri iwe ile mtoto alipofika ICU, na uandike kwamba ndiyo uliyotumia, maana wengine huhesabu tangu alipotolewa kwenye mashine ya moyo na mapafu. Tafuta pia mambo mawili ndani ya ripoti ya upasuaji: alikaa dakika ngapi kwenye mashine hiyo, na mshipa mkuu wa aota ulibanwa dakika ngapi. Kadiri dakika zilivyokuwa nyingi, ndivyo unavyotegemea namba kubwa siku ya kwanza.

*Lakteti.* Hiki ndicho kipimo cha saa za mwanzo, na kwa maoni yetu ndicho chenye thamani kubwa kuliko bei yake. Hupanda pale viungo vinapokosa damu ya kutosha yenye oksijeni. Kawaida ni chini ya milimoli 2 kwa lita. Watoto wengi hufika ICU ikiwa juu ya hapo, kisha hushuka ndani ya saa 24.

Chukua watoto wawili wa mfano. Wa kwanza alifika na 6.2, saa ya tatu 5.0, saa ya sita 3.7. Wa pili alifika na 3.1; saa ya kwanza 3.9, saa ya pili 4.8. Wa kuogopewa ni wa pili. Lakteti yake inapanda kwa 0.85 kila saa, na kupanda kwa 0.75 au zaidi kwa saa kumejulikana tangu mwaka 2000 kuwa ishara ya matokeo mabaya baada ya upasuaji. Anayesoma namba ya kwanza peke yake atakosea kuhusu wote wawili.

Kabla ya kuhukumu, angalia dawa. Adrenalini hupandisha lakteti yenyewe, hata pale mzunguko wa damu ukiwa mzuri. Dalili zake: sukari imepanda pamoja nayo, miguu ina joto, mkojo unatoka, na lakteti hushuka dozi ya adrenalini inapopunguzwa. Miguu baridi na nepi kavu ni habari nyingine.

Baadhi ya ripoti za nje huandika lakteti kwa miligramu kwa desilita. Gawa kwa 9 upate milimoli kwa lita. Lakteti ya "27" ni 3.

*Troponini.* Hutoka kwenye misuli ya moyo iliyoumia, na upasuaji wa moyo ni kuuumiza moyo kwa makusudi: umekatwa, umeshonwa, umesimamishwa. Hivyo itakuwa juu sana kwa kila mtoto aliyefunguliwa moyo, na viwango vya mtu mzima mwenye mshituko wa moyo havihusiki. Hufika kilele ndani ya siku ya kwanza, kisha hushuka. Inayobaki kileleni siku ya pili, au inayopanda upya baada ya kushuka, inauliza swali juu ya mishipa midogo inayolisha moyo, hasa kwa mtoto aliyebadilishiwa mishipa mikubwa ambaye mishipa hiyo ilihamishwa. Aliyefungwa tu ule mshipa wa PDA (ambao ulipaswa kujifunga wenyewe baada ya kuzaliwa) kupitia ubavuni hakufunguliwa moyo. Troponini yake haina sababu ya kuruka. Troponini I na T ni vipimo viwili, na hata I ya mashine moja si sawa na I ya mashine nyingine. Andika jina la mashine.

*Figo.* Kigezo kiko wazi: kreatinini kupanda kwa mikromoli 26.5 ndani ya saa 48, au kufika mara 1.5 ya ile ya mwanzo ndani ya siku saba, au mkojo chini ya mililita 0.5 kwa kilo kwa saa kwa muda wa saa 6. Pima nepi kwenye mizani kabla na baada. Gramu moja ni mililita moja. Ripoti ikiwa kwa miligramu kwa desilita, zidisha kwa 88.4.

Udhaifu wa kreatinini ni uvivu. Huchukua siku moja hadi mbili kuonyesha jeraha lililotokea mezani. Ndiyo sababu vituo vingine hupima NGAL, protini inayopanda ndani ya saa 2 hadi 6 tu. Ukiiona kwenye faili iko juu huku kreatinini ikiwa shwari, usidhani maabara ilikosea. Huenda figo ziliguswa zikapona kabla kreatinini haijatambua. Mtoto aliyevimba maji naye hudanganya upande mwingine: maji yameizimua kreatinini, inaonekana ndogo kuliko ilivyo.

*CRP na prokalsitonini.* Mashine ya moyo na mapafu huamsha uvimbe mwili mzima, kwa hiyo CRP hupanda hata bila kijidudu. Kilele ni siku ya pili au ya tatu. Prokalsitonini, kipimo kingine cha maambukizi, hutangulia kupanda na hutangulia kushuka. Kinachotafutwa ni mlima wa pili: CRP iliyokuwa inateremka siku ya nne, kisha ikageuka siku ya sita. Chembe nyeupe zisaidie kwa tahadhari, kwani dawa za steroidi zinazotolewa wakati wa upasuaji huzipandisha.

*NT-proBNP.* Hutolewa na moyo uliotanuka. Mtoto wa siku za kwanza za maisha huwa nayo kwa maelfu bila ugonjwa wowote, kisha hushuka haraka wiki zinazofuata. Usitumie kiwango cha mtu mzima hata siku moja. Hupanda baada ya upasuaji kisha hushuka, na kwa kuwa hutolewa mwilini kupitia figo, figo zikiumia hubaki juu moyo ukiwa hauna lawama. Soma NT-proBNP na kreatinini pamoja.

Akisharudi kisiwani

Wiki ya kwanza mzani una kazi kuliko maabara. Mtoto wa miezi ya mwanzo anapaswa kuongeza gramu 20 hadi 30 kwa siku. Anayetoka jasho kichwani akinyonya, anayeacha ziwa katikati ili apumue, na ambaye uzito umepanda ghafla kwa gramu mia mbili ndani ya siku mbili, huyo anakusanya maji. Hapo NT-proBNP ina maana: ikiwa imepanda kuliko ile ya siku aliyoruhusiwa, anahitaji kipimo cha picha ya moyo, kwani kunaweza kuwa na tundu lililovuja au maji yaliyouzunguka moyo.

Anayetumia furosemaidi, dawa ya kukojoza, hupoteza potasiamu. Anayetumia kaptopril na spironolaktoni huihifadhi. Pima potasiamu na kreatinini wiki moja hadi mbili baada ya kuanza au kubadili kipimo cha dawa, na mapema zaidi akitapika au kuharisha. Mtoto aliyewekewa mrija wa kupeleka damu mapafuni asingoje majibu ya maabara: kukaukiwa na maji kunaweza kuuziba mrija huo. Akiharisha na midomo ikazidi ubuluu, anza maji na piga simu papo hapo.

Homa ina utaratibu wake. Pima malaria kwanza, kwani huenda ametoka bara, na upungufu wa malaria Zanzibar haumkingi aliyelala nje ya Zanzibar. Kisha kidonda: kikitoa maji, kikiwa chekundu, au mfupa wa kifua ukicheza ukiugusa. Kisha picha ya damu, CRP, na damu ya kuotesha vijidudu, mililita 1 hadi 2, ichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza ya antibayotiki. CRP iliyopanda wiki ya pili hadi ya sita, kidonda kikiwa safi na kuotesha hakuoti kitu, huweza kuwa uvimbe wa gamba la moyo unaofuata upasuaji. Huyo naye anataka picha ya moyo, na antibayotiki hazitamfaa.

Usipime troponini kwenye kliniki ya kawaida. Itakupa namba ambayo hujui la kuifanyia.

Karatasi moja ya kusafiri nayo

Mtoto akirudishwa hospitali ya juu, iwe kutoka Wete kwenda Mnazi Mmoja au kutoka Unguja kwenda bara, andika jedwali moja. Safu za kushuka ni vipimo. Safu za kulala ni tarehe na saa, kuanzia kile cha kabla ya upasuaji. Kila namba iandikwe uniti, jina la mashine, na kama ni damu ya mshipa au kisigino. Seramu ilipokuwa nyekundu, andika "nyekundu" pembeni. Chini ya jedwali weka uzito wa kila ziara, dawa na miligramu zake, na jumla ya damu iliyochukuliwa wiki hiyo.

Toa nakala mbili. Moja iingie kwenye faili. Ya pili mpe mama aiweke ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na kadi ya kliniki, kwenye mkoba atakaoushika mwenyewe, usiwe kwenye mzigo unaopakiwa chini ya boti.